Uliza Fundi: CDI mbili mpya na pikipiki bado inakohoa

SWALI: Fundi shikamoo. Nina pikipiki ya Kichina injini ya CG 150, nimeikata mkia, nimeweka tangi jingine, fremu nikaipeleka ikapigwa rangi ya kuchoma, ile ya unga, na waya za swichi nikazipitisha ndani ya usukani zisionekane. Imetoka kali ila haitulii, inawaka halafu inakohoa inazima, na nikiwasha indiketa taa ya nyuma nayo inafifia kwa kufuata indiketa. Fundi wa mtaani kanibadilishia CDI, kile kiboksi kinachopigisha moto wa plagi, mara mbili, hola. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Weka hela mfukoni kwanza, hiyo taa ya nyuma inayocheza na indiketa imeshasema kila kitu, umeme unatafuta njia ya kurudi betri hauipati, yaani huna athi. Rangi ya kuchoma ni plastiki tupu, haipitishi umeme, na wewe umefunga koili ya plagi juu ya rangi, bolti ya athi juu ya rangi, pengine hata bolti za injini. Koili ya CG inapata athi kwenye lile bati lake linaloshika fremu, sasa hapo moto utakuwa na nguvu gani?

Chukua mita ya kupimia umeme, weka DC volti 20, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu gusisha chuma kitupu cha injini, mtu abonyeze stata. Inatakiwa isome karibu na sifuri, ikipanda nusu volti au zaidi umeshamkamata mwizi. Kwangua rangi chini ya koili na kwenye bolti ya athi mpaka chuma king'ae, usiogope, hapaonekani, funga kaza halafu paka grisi kwa juu pasishike kutu. Mimi huwa naongeza waya mnene kutoka hasi ya betri moja kwa moja hadi bolti ya injini na mwingine hadi koili, siiamini fremu iliyopakwa hata siku moja.

Ikigoma bado, rudi kwenye usukani. CDI nyingi za CG hazili umeme wa betri, zinalishwa na koili ya kwenye makineta, ile sumaku inayozungushwa na injini kuzalisha umeme, na swichi inazima injini kwa kuugusisha waya wa kuzimia kwenye athi, mara nyingi ni mweusi wenye mstari mweupe. Ukichunika humo ndani ya bomba, kila ukikata kona unagusa chuma na injini inazima. Uchomoe kwenye soketi ya CDI upige kiki, moto ukirudi basi kosa ni waya au swichi. Ukiifungua plagi kuangalia moto, ilaze kwenye chuma cha injini, usiishike mkononi, na petroli iwe mbali.

SWALI: Nimefunga indiketa za LED zinapepesa mbio mbio mpaka trafiki ananiangalia. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Flasha, kile kidude kinachopepesesha indiketa, ya zamani ilizoea balbu za wati 10, LED inakula kidogo sana, yenyewe inadhani balbu imeungua. Nunua flasha ya LED, angalia tu kama yako ni ya pini 2 au 3. Wengine watakuuzia rezista uunganishe, achana nazo, zinachemka hizo na zinamaliza betri bure.