Taarifa za saiti zinakwama wapi?

SWALI: Nina saiti 3 za ujenzi Dodoma. Programu ya stoo nimelipia, simu janja zipo, lakini hesabu ya saruji hunifikia mwisho wa wiki na haiwiani na kazi iliyofanyika. Ninunue programu nyingine? – Mkandarasi

JIBU: Usinunue kwanza. Fuatilia maombi 10 ya saruji, moja moja: saa fundi alipoomba, stoo ilipotoa, msimamizi alipoandika, mhasibu alipoingiza. Penye pengo refu kuliko yote ndipo penye mkwamo. Mara nyingi ni karatasi zinazomsubiri mtu mmoja aziingize kwenye kompyuta Ijumaa, na huyo programu mpya haimwondoi.

Kutowiana ni shauri jingine. Stoo huandika mifuko, fundi huhesabu matoroli, mhasibu ana shilingi. Kipimo kiwe kimoja: mifuko ya kilo 50 kwa kila kazi yenye namba yake. Kisha linganisha na mchoro. Zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hula takriban mifuko 6.5 kwa mita ya ujazo. Jamvi (sakafu ya zege) la mita 10 kwa 8, unene sentimita 15, ni mita za ujazo 12, yaani mifuko 78. Stoo ikionyesha 95, pima unene halisi kabla ya kumshuku mtunza stoo: sentimita 3 za ziada humeza mifuko 15 na ushei.

Badala ya karatasi, tumia fomu ya simu: ifanye kazi hata bila intaneti, na iulize mambo matano tu: tarehe, saiti, namba ya kazi, mifuko iliyotoka, iliyorudi. Ukiongeza la sita, halitajazwa.