Rutuba yangu niliikuta kwenye chupa

Mliuliza wiki hii: mkulima wa kando ya Ziwa Victoria ni mlinzi wa ziwa au mharibifu wake? Mimi nalima mahindi na pamba wilayani Magu, upande wa Mto Simiyu, na nakiri kwamba miaka mingi nimeharibu bila kujua.

Udongo wa kwetu juu ni luseni, mchanga mwepesi. Tulikuwa tunapiga plau kufuata mteremko, tukishavuna tunachoma mabua, shamba linabaki tupu hadi mvua za Novemba. Mvua ya kwanza ikishuka, mtaroni yanapita maji ya rangi ya chai ya maziwa. Msimu mmoja niliyachota nikayaweka kwenye chupa ya soda. Kulipokucha, juu maji yametakata, chini limetuama tope laini, unene wa vidole viwili, na ndani yake vipande vya samadi niliyoisomba mwenyewe kwa mkokoteni. Iliniuma sana. Mchanga mkavu ulibaki shambani; kilichoondoka ni ule unga unaoshika maji na chakula cha mmea.

Unga huo unaingia Simiyu, na Simiyu inamwaga maji yake Ghuba ya Speke, ndani ya Ziwa Victoria. Fosforasi iliyoshikamana nao, ambayo ni sehemu ya hicho chakula cha mmea, inalisha mwani na magugu maji. Mwani ukifa na kuoza unamaliza oksijeni ya kilindini, samaki wanakosa pumzi. Mimi nikilalamikia mahindi yaliyodumaa, na mvuvi akilalamikia magugu yaliyomfungia mwalo, tunalilia mali moja.

Moshi nao usisahauliwe. Sehemu kubwa ya fosforasi ya ziwa haipiti mtoni, inatoka angani: vumbi la mashamba matupu na majivu ya mioto yetu, vinashushwa na mvua. Na udongo unaochomwa na kugeuzwa kila mwaka unapoteza mboji, kaboni yake inapanda hewani kuongeza joto ambalo sisi wenyewe tunalilalamikia. Miti ya pamba inachomwa kuua wadudu, hapo sibishi. Mabua ya mahindi tunayachoma kwa mazoea tu.

Mama yangu ni wa Ukara, kisiwa kidogo cha Ukerewe chenye watu wengi na ardhi finyu. Wakara tangu zamani wanalishia ng'ombe nyumbani, samadi wanaipeleka shambani, miteremko wameijengea kingo za mawe. Bibi alikuwa hatupi hata jani. Elimu hii tunayo nyumbani, hatujaletewa na mradi wowote.

Sasa matuta yangu yanakata mteremko, katikati nimeyafunga kwa vituta vidogo ili maji yasimame yanywewe na udongo. Mabua nayalaza chini. Tatizo ni mifugo inayoachiwa baada ya mavuno: inayamaliza yote, na hapo siwezi kitu peke yangu bila kijiji kukaa na kukubaliana. Vivyo hivyo kando ya maji. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 ziachwe bila shughuli za kudumu, lakini bustani za nyanya zimeshuka mpaka kwenye matete.

Novemba iliyopita nilichota tena, mtaro ule ule, chupa ile ile. Tope lilikuwepo bado, ila halikufika hata unene wa kidole kimoja.