Boya jekundu nilipite upande gani?

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Nina boti ndogo ya fiba, nashusha samaki pale Deep Sea, Tanga. Usiku nikirudi naona boya jekundu linawaka na kuzima, wenzangu kila mtu ana lake la kusema. Nilipite wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huku kwetu ukiwa unatoka baharini kuingia bandarini jekundu linakaa kushoto kwako na la kijani kulia, we unapita katikati, ukitoka ndo inageuka. Shika hivyo. Ila ukienda Marekani ni kinyume kabisa, kwa hiyo baharia wa meli akikubishia usishangae.

Sasa kubwa zaidi, usiliamini boya peke yake. Lile limefungwa mnyororo chini kwenye jiwe la zege, mnyororo una urefu wa ziada kwa ajili ya maji kujaa na kupwa, kwa hiyo boya linazunguka, na dhoruba inaweza kulikokota mbali na mahali pake au taa ikazimika. Nchi kavu haihami. Mchana tafuta mnara wa taa wa Ulenge, halafu kisiwa cha Toten, halafu Ras Kazone, jizoeshe ukiwa mahali salama kipi kinafunika kipi, ukiona vimeachana ujue umetoka njiani, ndo wazee walivyokuwa wanafanya hata kabla ya maboya. Na maji ya bamvu, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yakitoka, boya linalala upande, mkondo unakusukuma kwenye mwamba hujui, hapo punguza mashine mapema.

Halafu tafadhali sana, usifunge boti kwenye boya.