Wasomaji Wanauliza: Maji ya kijani, choo juu ya jabali

SWALI: Hapa mwaloni Igombe, Mwanza, maji ya Ziwa Victoria yamekuwa kijani kama yamemwagiwa rangi. Tunayachemsha mpaka yanatokota sana, lakini harufu haiishi na juzi mbuzi wa jirani alikunywa ufukweni akafa. Tuendelee kuyanywa? (Mama wa watoto 3, Igombe)

JIBU: Hapana mama, si kwa kuchemsha peke yake. Kwanza hakikisha ni kitu gani. Jaza chupa angavu, ifunge, iweke mezani usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi, kijani kikiwa kimepanda juu na kufanya utando, hao karibu hakika ni sayanobakteria, ambao wengi huwaita mwani. Wana vipovu vya hewa ndani ya miili yao, ndiyo maana huelea. Kijani kikiwa kimetuama chini, huenda ni mwani wa kawaida. Na kile cha nyuzinyuzi unachoweza kukiinua kwa kijiti, mara nyingi hakina shida.

Baadhi ya sayanobakteria hutengeneza sumu, na inayojulikana zaidi ni mikrosistini, inayoshambulia ini. Moto unaua vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini sumu hii haivunjiki kwa kuchemka. Tena moto hupasua chembe za sayanobakteria na kuimwaga sumu majini, kisha maji yakipungua kwa mvuke sumu hubaki sufuriani. Klorini nayo huzipasua. Kwa hiyo kanuni ni moja: toa kijani kwanza, moto na klorini vifuate. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa mikrosistini-LR, aina mojawapo ya sumu hiyo, katika maji ya kunywa kila siku ni mikrogramu 1 kwa lita, kiasi ambacho jicho wala ulimi haviwezi kukigundua.

Njia tunayoiamini kuliko zote kwa mwalo wenye mchanga ni kisima cha ufukweni. Chimbeni mita 15 hadi 20 kutoka ukingo wa maji, upande usio na vyoo, na choo cha karibu kabisa kiwe umbali wa mita 30 au zaidi. Shusheni karavati za zege, chini mwage kokoto unene wa sentimita 20, karavati ya juu ibaki sentimita 30 juu ya ardhi, kisha wekeni mfuniko na pampu ya mkono. Maji ya ziwa yatapenya mchanga polepole na kuacha chembe njiani. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuchimba karibu mno, mita 3 au 4, ili maji yajae upesi. Hapo mchanga hauna muda wa kufanya kazi, na mnakuwa mmehamisha ziwa tu. Penye mfinyanzi au mwamba njia hii haifai.

Kisima kikiwa hakijawa tayari, chukueni mtumbwi mkateke mbali, pasipo na utando, dumu likizamishwa likiwa limefungwa na kufunguliwa kina cha mkono. Nyumbani mimina kwenye pipa lenye koki sentimita 10 juu ya kitako, funika, acha siku nzima. Kijani kitapanda, tope litashuka, nawe unakinga ya katikati. Yachuje kwa kanga safi iliyokunjwa mara 4. Tusidanganyane: kanga hunasa makundi makubwa tu, na sumu iliyokwisha kuyeyuka hupita. Ndiyo maana utando uliogeuka buluu-buluu au mweupe na kunuka hauguswi kabisa. Huo umekufa, na sumu yake imeshamwagika.

Baada ya kuchuja, chemsha, au tia klorini. Kwa dawa ya kutakasa nguo nyeupe yenye nguvu ya asilimia 3.5, isiyo na manukato, ndoo ya lita 20 ya maji maangavu inahitaji takriban mililita 1.2, yaani matone kama 24, kisha subiri dakika 30. Maji yakibaki na harufu hafifu ya klorini, kipimo kimetosha.

Maji ya mtoto anayelishwa kwa chupa yasitoke kwenye kijani hata kidogo. Samaki mtoe matumbo na ini. Mifugo ifungwe mbali na upande ambao upepo unasukumia utando.

SWALI: Tuna nyumba ya kupanga Mabatini, Mwanza, juu kabisa kwenye mawe. Wapangaji ni 12, shimo la choo limejaa tena, na jirani zetu hutapisha vyoo mvua ikinyesha. Gari la kunyonya halipandi. Tufanyeje? (Mwenye nyumba)

JIBU: Kaka, kutapisha kunapeleka kinyesi kwenye mfereji, mfereji unaingia mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani. Naitrojeni na fosforasi zilizomo ndizo mbolea ya kile kijani alichokiuliza mama wa Igombe.

Sasa shimo lako. Uchafu mgumu wa mtu mmoja hujaza takriban lita 40 hadi 60 kwa mwaka, hivyo watu 12 ni karibu lita 500 hadi 700. Shimo la mita 2 za ujazo lingekaa takriban miaka 3 hadi 4. Likijaa kwa miezi, kilicholijaza si kinyesi bali maji: mkojo, maji ya kutawaza na ya bafuni, ambayo kwenye jabali hayana pa kunywea. Kwa hiyo tenganisha bafu na choo leo hii, hata kabla ya kutafuta fedha za kitu kingine.

Suluhisho la kudumu ni mabomba madogo ya majitaka. MWAUWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Mwanza, imeshajenga mtandao wa aina hii katika baadhi ya mitaa ya milimani. Muulize mwenyekiti wa mtaa kama bomba kuu limepita karibu nawe. Bomba la nyumba huwa milimita 100, na kwa mlima kama wenu mteremko si tatizo. Tatizo ni mambo matatu. Bomba lililolazwa juu ya mwamba likiachwa wazi, jua huifanya plastiki iwe kavu na kupasuka, hivyo lifunikwe kwa zege. Taulo za kike, matambara na mchanga wa kusugulia masufuria huziba kona, hivyo weka chemba kila bomba linapopinda, na wavu kwenye tundu la jikoni. Tatu, usiunganishe mfereji wa paa: mvua moja tu ya Machi na chemba ya jirani wa chini inafumuka uani kwake.

Mtandao ukiwa mbali, jenga choo cha kuinuliwa chenye vyumba 2 vya zege na sinki linalotenganisha mkojo. Kwa watu 12, kila chumba kiwe na mita 1 ya ujazo. Kila anayetumia anamwaga konzi mbili za majivu, na maji ya kutawaza yanapita tundu lake. Chumba kikijaa kinafungwa mwaka mzima, cha pili kikitumika. Wapangaji wakiwa wa kubadilika-badilika, mtaje mtu mmoja na umlipe kukisimamia, vinginevyo miezi 2 tu maji yatakuwa yameshaingia na harufu itawatoa watu.

Kwa sasa, tafuta watu wenye pampu ya mkono na mapipa yenye mifuniko, washushe uchafu hadi barabarani lilipo gari. Asiingie mtu shimoni, hata kwa dakika moja. Hewa ya humo inaua.

SWALI: Je, gugumaji, lile gugu linaloelea ziwani, linafaa kwenye mtambo wa gesi ya kinyesi? (Mfugaji, Magu)

JIBU: Linafaa kama nyongeza tu. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi ni maji, kilo 100 zikikauka hubaki chini ya kilo 10. Likitiwa zima huelea na kufanya ganda juu, gesi inakwama. Linyaushe siku 2, likate vipande vya sentimita 2, anza na ndoo 1 kwa ndoo 4 za kinyesi cha ng'ombe na maji ya kutosha. Usilipeleke likiwa hai kwenye bwawa lako, mbegu zake hudumu miaka mingi.

SWALI: Betri za taa za dagaa zikifa tunamwaga asidi ziwani. Kuna ubaya? (Mvuvi, Ukerewe)

JIBU: Upo, kwani asidi hiyo ina madini ya risasi yaliyoyeyuka. Mnunuzi wa vyuma chakavu anaipima betri nzima, hivyo usiifungue. Ihifadhi ikiwa imesimama, nje ya mtumbwi. Asidi ikimwagika sakafuni, nyunyiza magadi mpaka iache kutoa povu. Ikiruka machoni, osha kwa maji safi dakika 20, kisha nenda zahanati.