Maswali ya Wasomaji: Simu na Nyendo Zetu Wakati wa Korona

SWALI: Mhariri, mwaka 2020 nilikuwa dereva wa matatu, simu mfukoni kutwa nzima. Nasikia wataalamu wa afya walizitumia simu zetu kujua nani katoka nyumbani. Je, waliniona? Na ilisaidia nini?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, jina lako hawakuliona, ila safari zako huenda zilihesabiwa. Kuanzia Aprili 3, 2020, Google ilichapisha taarifa za nyendo za watu katika nchi 131, Kenya ikiwemo, kutokana na simu ambazo wenyewe walikuwa wamewasha kumbukumbu ya maeneo, yaani huduma ya Google inayohifadhi mahali simu ilikopita. Kilichotolewa ni asilimia tu: Jumatatu ya Aprili ililinganishwa na Jumatatu za kati ya Januari 3 na Februari 6, katika stendi, madukani, kazini na majumbani. (Kwetu kipimo hicho kina walakini, kwa kuwa mwanzoni mwa Januari wengi huwa hawajarudi kutoka ushago.)

Faida yake ilikuwa wepesi. Nairobi ilipofungwa Aprili 6, mtaalamu aliweza kuona baada ya siku chache kama stendi zimepungua watu, ilhali wagonjwa wa maambukizi mapya huchelewa kufika hospitalini.

Hata hivyo, simu huonyesha mtu alikokwenda, wala haionyeshi alivyokaa huko. Wewe mwenyewe unakumbuka amri ya kubeba abiria 8 katika matatu ya watu 14. Aliyeitii akafungua madirisha, na aliyejaza gari abiria wakashusha barakoa kidevuni, wote wawili walionekana wamepita stendi ileile. Isitoshe, mama mboga mwenye mulika mwizi, ile simu ndogo isiyo na huduma hiyo, hakuhesabiwa kabisa, na ndiye asiyeweza kufanyia kazi nyumbani. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo kasoro kubwa zaidi.

Rekodi za minara ya simu huziba pengo hilo kwa kiasi, maana kila simu inayopiga huacha alama mnarani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulitumia rekodi za karibu wateja milioni 15 wa Kenya, za mwaka 2008 hadi 2009, ukabaini jinsi wasafiri walivyobeba vimelea vya malaria kutoka eneo la Ziwa Viktoria hadi Nairobi.

Google ilikoma kutoa taarifa zake Oktoba 2022. Kumbukumbu ya maeneo unaweza kuizima au kuifuta wakati wowote.