Mwanangu ameanguka tena, wananiambia ni imani yangu ndogo

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora hapa Tanga. Binti yangu wa pili ana miaka 11, na ana kifafa tangu akiwa na miaka 6. Alikuwa akimeza vidonge kila jioni, na alishakaa karibu miezi minane bila kuanguka. Mwezi wa tatu tulikwenda kwenye mkutano wa injili. Mtumishi alimwekea mikono, akatangaza kwamba amefunguliwa, akasema kuendelea na vidonge ni kumwambia Mungu hatumwamini. Baba yake alivitupa chooni usiku ule ule. Jumapili iliyofuata mtoto alipandishwa madhabahuni akashuhudia, kanisa zima likapiga vigelegele.*

*Wiki ya sita akaanguka akiwa anapepea jiko la mkaa. Mkono umeungua. Jirani yangu Muislamu ndiye aliyemvuta, akamlaza ubavu juu ya khanga yake. Yeye anasema mtoto ana ruhani. Kanisani nimeambiwa mlango wa adui ni mimi, kwa sababu nina miaka minne tangu niokoke na bado sineni kwa lugha za Roho. Tunatakiwa tutoe sadaka ya laki mbili ili mlango ufungwe, na mume wangu anahangaika kuitafuta. Mtoto kaniuliza, "Mama, mimi ndiye niliyemkosea Mungu?" Shangazi, nikimrudisha kwenye dawa nitakuwa nimeukataa muujiza? Na kama kweli sina Roho, nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, wewe na binti.

Nianze na lisilongoja. Kesho asubuhi mpeleke mtoto hospitali ya Bombo au kituo kile kile alichokuwa akichukulia dawa. Katika hospitali zetu nyingi watu wa kifafa huhudumiwa kwenye kliniki ya afya ya akili. Jina hilo lisikutishe, mtoto wako hana wazimu. Usiazime vidonge kwa mtu, wala usianze tena kumpa mwenyewe kwa kipimo cha zamani, kwa sababu ameshakaa wiki nyingi bila dawa na daktari ndiye wa kuamua aanzie wapi. Mwambie kila kitu, hata hilo la chooni. Akikufokea kidogo, vumilia. Na huo mkono uoneshe hapo hapo, usiupake dawa ya meno wala asali ukasubiri.

Kifafa kina tabia ya kunyamaza. Mtu anaweza kukaa wiki, hata miezi, hajaanguka, na ugonjwa upo. Kwa hiyo zile wiki tano za furaha hazikuwa ushahidi wa lolote. Miezi minane ya nyuma, akiwa kwenye dawa, ilikuwa mirefu kuliko hizo na hakuna aliyeipigia vigelegele. Halafu, kukata dawa za kifafa ghafla ni hatari kuliko wengi wanavyojua. Mwili uliozoea dawa ukinyang'anywa kwa usiku mmoja unaweza kuingia katika mtukutiko usiokoma, na mtukutiko usiokoma unaua. Mungu amemhifadhi binti yako na hilo. Mshukuru kwa kumrudisha kliniki.

Sasa hiyo imani yako.

Fungua Mathayo 17, kuanzia mstari wa 14. Nataka usome mwenyewe, usisomewe. Baba mmoja anapiga magoti mbele ya Yesu, anasema mwanawe ana kifafa, mara nyingi huanguka motoni, na mara nyingi majini. Motoni, mwanangu. Yule baba angeliona jiko lako la mkaa angelia nawe. Alikuwa ameshampeleka mtoto kwa wanafunzi na wanafunzi wakashindwa. Baadaye wanafunzi wakamwuliza Yesu faraghani: mbona sisi hatukuweza? Akawajibu, kwa sababu ya upungufu wa imani *yenu*. Aliwaambia wale walioomba. Hakumwambia baba, wala mtoto. Na Marko, anayeisimulia habari hiyo hiyo katika sura ya 9, anatuonesha baba akilia mbele ya umati kwamba anaamini, asaidiwe kutokuamini kwake. Imani nusu, mashaka nusu, na kayasema kwa sauti. Mtoto wake aliponywa siku ile ile.

Kwa hiyo mtu akisimama mbele yako akakuambia mwanao hakupona kwa sababu wewe mama una mashaka, amegeuza andiko kichwa chini. Kwa maneno ya Yesu mwenyewe, kama kuna upungufu wa kuulizia, unaanza kuulizwa kwa mwenye kuweka mikono. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona akina mama wengi wakitoka kanisani wamebeba mizigo miwili, mtoto mgonjwa na hatia juu yake.

Najua utaniuliza, kwani habari hiyo si inataja pepo? Inataja, na siifichi. Ila huyo huyo Mathayo, sura ya 4 mstari wa 24, anapohesabu wagonjwa walioletwa kwa Yesu, anawataja wenye pepo, kisha wenye kifafa, kisha wenye kupooza. Ameviweka mbalimbali. Hata yeye hakuona kwamba kila anayeanguka ana pepo. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Kinaweza kuletwa na shida wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kuumia kichwa, na mara nyingine chanzo hakijulikani kabisa. Hakiambukizi, si kwa mate wala kwa povu. Na karibu watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayowafaa na kuimeza bila kukatiza. Huyo jirani yako anayesema ni ruhani naye amekosea, lakini mikono yake haikukosea: alimtoa motoni, akamlaza ubavu, na hakuogopa povu. Mpelekee salamu zangu.

Mimi nimekulia upande wa Muheza. Nilikuwa na binamu, mkubwa kwangu kwa miaka miwili, aliyekuwa akianguka. Siku moja alianguka jikoni, mafigani, na watu wazima watano wakasimama mlangoni wakimwangalia, kwa sababu waliamini atakayeguswa na mate yake atakipata kifafa. Bibi alitoka shambani akiwa na jembe begani, akalitupa, akaingia. Vidole vitatu vya binamu vilishikamana na havikuachana tena. Alijifunza kumenya machungwa kwa mkono mmoja, akiyabana kwa goti. Mchungaji wetu wa wakati ule alikuja nyumbani, akaweka mkono kwenye kichwa chake, akaomba, tena aliomba sana. Alipofumbua macho alimwuliza bibi, "Dawa yake ya jioni ameshapewa?" Sijawahi kusikia mahubiri yaliyokaa moyoni mwangu kama swali lile.

Kuhusu lugha. Paulo katika 1 Wakorintho 12 anataja karama nyingi, halafu mwishoni anauliza maswali mfululizo: wote ni mitume? Wote wana karama za kuponya wagonjwa? Wote wanena kwa lugha? Hajibu, kwa sababu jibu ni hapana na kila msikilizaji analijua. Roho humgawia kila mtu kama apendavyo yeye. Fundisho la kwamba usiponena kwa lugha hujajazwa Roho lilianza kuenea Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, hasa na ule uamsho wa mtaa wa Azusa, Los Angeles, mwaka 1906, ulioongozwa na William Seymour, mtoto wa watu waliokuwa watumwa. Uamsho ule uliwagusa wengi na siudharau. Lakini Seymour mwenyewe baadaye alikataa kwamba lugha peke yake ndiyo ushahidi. Anenaye, na anene kwa shukrani. Asiyenena hajafungiwa nje, wala si mlango wa adui kwa mtoto aliyemzaa.

Na hebu uangalie mstari wa 28 wa sura hiyo hiyo. Baada tu ya karama za kuponya, Paulo ameweka neno moja ambalo sisikii likihubiriwa: masaidiano. Masaidiano, mwanangu, yako kwenye orodha, na yametajwa kabla ya lugha. Mtu anayeamka saa nane za usiku kusikiliza pumzi za mwanawe, miaka mitano, amepewa kitu na Roho. Umekuwa nacho siku zote hizo unazoambiwa huna.

Laki mbili usitoe. Hapa sipindishi maneno. Yesu alipowatuma wanafunzi wakaponye wagonjwa aliwaambia wamepata bure, watoe bure. Nabii Elisha alikataa zawadi za Naamani, jemadari aliyepona ukoma, na Gehazi mtumishi wake aliyemkimbilia Naamani njiani akachukua talanta mbili za fedha, alirudi na ukoma. Sadaka ya shukrani ni yako na Mungu wako, toa ukipenda. Lakini pesa inayodaiwa ili mtoto asianguke ni bei, na karama haina bei. Hiyo laki mbili ni nauli za kliniki, ni dawa ya mkono, ni kuinua jiko litoke sakafuni.

Mume wako usimshambulie. Alitupa dawa kwa sababu amechoka kumwona mwanawe akianguka. Kiu hiyo naijua, ni ya nchi nzima. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), Ambilikile Mwasapile, watu wanywe kikombe cha shilingi 500. Walikwenda wakulima na waheshimiwa, Wakristo na Waislamu, wengine wamebebwa kwenye machela. Mgonjwa akitafuta muujiza hastahili kuchekwa. Kaa naye jioni, watoto wakilala, umsomee Luka 17. Wenye ukoma kumi wanamlilia Yesu, naye anawatuma wakajioneshe kwa makuhani. Kwa nini makuhani? Kwa sababu kwa sheria ya Musa kuhani ndiye aliyekuwa mkaguzi wa ukoma. Ndiye aliyetazama ngozi na kusema huyu ametakasika. Yesu hakuona kwamba kukaguliwa kunaudhalilisha muujiza. Basi mwambie hivi: "Baba fulani, tukubaliane. Mtoto ameze dawa, nasi tuombe. Kama Mungu amemponya, daktari ataona." Kwa kawaida mgonjwa akikaa kama miaka miwili hajaanguka, madaktari huweza kufikiria kumpunguzia dawa pole pole, kwa miezi, huku wakimtazama. Muujiza wa kweli utaisubiri miaka miwili.

Na kama kanisani wataendelea kukusema, tafuta ibada mahali pengine. Tanga haikosi makanisa ambayo mchungaji ataomba na kisha akuulize habari za dawa.

Limebaki la mtoto, na ndilo lililoniliza. Alipandishwa madhabahuni akasema nimepona, watu wakashangilia, halafu mwili wake ukamfanya aonekane mwongo mbele ya kanisa zima. Ana miaka 11. Usimjibu kwa kupita tu ukiwa unaosha vyombo. Mkalishe, umshike huo mkono mzima, umwambie hakumkosea Mungu, hakudanganya mtu, na alisema alichoambiwa na wakubwa. Mwambie wakubwa walikosea, na wewe ni mmoja wao. Watoto huamini zaidi mzazi anayekiri. Msomee Yohana 9, pale wanafunzi wanapouliza nani aliyetenda dhambi, huyu kipofu au wazazi wake, na Yesu anajibu si huyu wala wazazi wake. Amwombe Mungu kwa maneno yake mwenyewe, na asipandishwe tena madhabahuni mpaka atakapotaka yeye.

Mpaka mtakapofika kliniki, asiguse jiko, asiteke maji kisimani peke yake, na asiende kuogelea ufukweni Raskazone na wenzake hata wakimbembeleza. Alale chumba chako, chini kwenye godoro, mbali na ndoo. Akianguka, mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, ondoa vitu vigumu, usimbane mikono na usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Tazama saa. Zikipita dakika tano hajatulia, au akianguka tena kabla hajazinduka, usingoje kukuche; mwamshe yule jirani, mtafute bodaboda au bajaji, mmoja amshike mtoto, na mwende.