Maswali na Majibu: Msiangalie Aliyepigwa Tu

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu mashambulizi ya makombora, na karibu zote zinamtazama aliyepiga na aliyepigwa. Waliosimama pembeni wanasahauliwa, nao ndio ninaotaka mwatazame. Nimechagua sita.

Kombora likipigwa Afghanistan, Pakistan na Saudi Arabia zinahangaikia nini? Si halikuwagusa? (Msomaji, Tanga)

Liliwagusa sana, na kisa chenyewe kilianzia kwetu. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa, wakafa watu zaidi ya 220, wengi wao Wakenya. Siku 13 baadaye manowari za Marekani zikarusha makombora zaidi ya 70 kwenye kambi za Osama bin Laden, aliyelaumiwa kwa milipuko ile, zilizo karibu na Khost, Afghanistan, na kwenye kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum.

Fungua ramani. Kombora linalotoka Bahari ya Arabu kwenda Khost hupita anga ya Pakistan. Mwezi Mei mwaka huohuo India na Pakistan zilikuwa zimefanya majaribio ya mabomu ya nyuklia, moja baada ya nyingine. Ofisa wa rada wa Pakistan akiona makombora yanaingia usiku, atamfikiria nani kabla ya India? Washington ililiona hilo. Ndiyo maana Jenerali Joseph Ralston wa Marekani alikuwa Islamabad usiku ule, ameketi kula na mkuu wa jeshi la Pakistan, Jehangir Karamat, ili amwambie ana kwa ana kwamba makombora yale ni ya Marekani. Amani ya nchi mbili zenye nyuklia ilishikiliwa na maneno ya mtu mmoja mezani. Mimi bado natetemeka nikilikumbuka.

Saudi Arabia nayo ilikuwa ikimbembeleza Mullah Omar, kiongozi wa Taliban waliotawala Afghanistan, amtoe Osama bin Laden. Mwanamfalme Turki, mkuu wa ujasusi wa Saudia, alipomrudia Septemba, alikuta mtu mwingine kabisa: mkali, wa matusi, hataki kusikia. Riyadh ikamrudisha nyumbani mwakilishi wake aliyekuwa Kabul. Kama mlango ule ulikuwa na upenyo, baada ya makombora ulifungwa. Na ushahidi kwamba Al-Shifa kilikuwa cha silaha za kemikali ulianza kupingwa mapema, wala haujasimama hadi leo.

Je, Vita Kuu ya Tatu imeanza? (Wasomaji wengi)

Hapana. Nimelijibu hili mara nyingi, na kila mara mnalituma tena bila kusoma jibu la nyuma. Someni linalofuata.

Trump alipiga Syria huku anakula na Xi Jinping. China iliogopa, sivyo? (Msomaji, Mombasa)

Sivyo. Aprili 2017, siku chache baada ya watu kuuawa kwa gesi ya sumu Khan Shaykhun, makombora 59 yalipiga kituo cha ndege za kivita cha Shayrat. Xi alikuwa mgeni Mar-a-Lago, makazi ya Trump huko Florida, na aliambiwa wakati kitindamlo kipo mezani. Watu walipenda picha hiyo wakasahau jambo zito zaidi: Warusi walipigiwa simu kabla, wapate kuwaondoa watu wao kituoni. Moscow ililalamika kwa sauti kubwa, lakini ilikuwa imeshajifunza ilichotaka kujua, kwamba Washington inajihadhari isimuue askari wa Kirusi. Shambulio lile lilionyesha nguvu, na papo hapo likaonyesha mpaka wa nguvu hiyo. Mpinzani mwenye akili huusoma mpaka kwanza.

Na yule aliyedhaniwa atatishika kuliko wote, Korea Kaskazini? Julai mwaka huo ilijaribu kombora la kuvuka mabara, Septemba ikalipua bomu lake kubwa kuliko yote yaliyotangulia.

Kati ya Urusi, China na Marekani, nani ana makombora mengi? (Msomaji, Kampala)

Huu si mpira. Silijibu.

Israel iliua mpango wa nyuklia wa Iraq kwa siku moja. Kwa nini wengine wasifanye hivyo? (Msomaji, Muscat)

Iliua jengo. Ndege za Israel zilibomoa kinu cha Osirak tarehe 7 Juni 1981, na Saddam akauhamishia mpango wake sirini, ukapanuka. Wakaguzi walikuja kuona ukubwa wake baada ya vita vya 1991. Iran nayo haikuweka kila kitu mahali pamoja: kituo chake cha nyuklia cha Fordow kimechimbwa chini ya mlima karibu na Qom. Marekani ilipoupiga mlima huo Juni 2025, bunge la Tehran lilipitisha sheria ya kusitisha ushirikiano na wakaguzi wa kimataifa siku chache tu baadaye. Jengo lililobomoka unaweza kulipiga picha ukiwa angani. Asiyekaguliwa utamjuaje?

Gaddafi alikosea kuacha silaha zake? (Msomaji, Kigoma)

Sitamlilia Gaddafi, kwa aliyowatenda watu wake. Ila swali lako ni zuri kuliko yote, maana ndilo waliloulizana watawala wengine.

Desemba 2003 alikubali kuusalimisha mpango wake wa nyuklia. Machi 2011 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 1973 la kuwalinda raia wa Libya. Urusi na China hazikupiga kura, wala hazikulizuia. Mabomu ya Marekani na washirika wake yakaanza kuanguka, ulinzi ule ukaishia kwenye kuanguka kwa serikali, na Oktoba Gaddafi akauawa Sirte. Mwezi huohuo Urusi na China zilipiga kura ya turufu kuhusu Syria, na hazikuishia hapo. Raia wa Syria walilipa kwa damu kilichofanyika Libya, na hili huwa silisikii likisemwa na waliolishangilia shambulio la Libya.

Korea Kaskazini haikungoja hata Gaddafi afe. Siku chache baada ya mabomu ya kwanza, wizara yake ya mambo ya nje ilisema wazi kwamba Libya ilinyang'anywa silaha kwanza ndipo ikavamiwa. Mwaka 2018 John Bolton, mshauri wa usalama wa Trump, aliitaja Libya kuwa mfano wa kufuatwa, na Wakorea wakatishia kuvunja mazungumzo. Juni Kim Jong Un alikwenda Singapore, akapeana mkono na Trump, akarudi nyumbani na mabomu yake yote.